Mate ya Mwonja Chai

Shangazi yangu alionja chai kwa miaka ishirini na sita. Sisemi kwamba alikunywa, maana chai ya kazini hakuimeza hata tone. Kila asubuhi, kwenye chumba kirefu cha ghala la chai chenye madirisha ya upande usiopigwa na jua, walimpangia vikombe vyeupe visivyo na mikono, mia mbili siku za kawaida na zaidi ya mia tatu wakati wa mavuno. Alipita mbele ya safu na kijiko chake, akaivuta chai kwa kishindo kama mtu anayekoroma, akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye beseni la magurudumu alilolisukuma kwa goti, kisha akasema neno moja au mawili. Nyuma yake alifuata Karani na daftari, akiandika kila alichotamka. "Imeungua kidogo." "Ina uhai." "Hii ililala karibu na moshi." Kwa maneno hayo magunia ya watu wasiomjua yalipandishwa daraja au kushushwa.

Walimwita Mama Ulimi. Karani, ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuwa akisema kwamba siku Mama Ulimi akifa wazike mwili tu, ulimi ubaki ghalani uendelee na kazi. Watu walivunjika mbavu, na yeye mwenyewe akicheka kuliko wote.

Mimi ni fundi cherehani, na karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, na shangazi, ambaye ni dada wa baba, akanichukua na kunilea. Mumewe alishatangulia, na watoto hakujaliwa. Kwa hiyo tuko wawili.

Jumamosi moja nilikuwa nampima blauzi yenye kola ya kusimama. Kola ikagoma kufunga. Nikadhani nimekosea kukata, nikachukua utepe nikampima upya shingo, na vipimo vikazidi vile vya mwanzo wa mwaka kwa vidole viwili. Kunenepa hakuwa amenenepa. Nikapitisha kidole polepole chini ya taya, upande wa kushoto, nikagusa kitu kigumu kama kokwa.

"Shangazi, hapa pana nini?"

"Pana shingo."

"Upande huu una kitu."

"Tezi hiyo. Nilikuwa na mafua."

"Mafua ya lini? Mbona sikukuona ukipiga hata chafya?"

Akajitazama kwenye kioo changu cha wateja. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nikimeza, sikio linauma. Tangu mwezi wa tatu."

Tulikuwa mwezi wa nane. Miezi mitano alikuwa akijitia hamnazo, akienda kazini na kurudi, akinicheka ninavyoimba nikishona, huku anajua. Pini nilizokuwa nimezibana mdomoni zilianguka zote sakafuni.

Hospitalini walimchukua kinyama kidogo nyuma ya ulimi, na baada ya siku tisa tukaitwa. Daktari wa saratani alikuwa mwanamke mfupi mwenye tabia ya kuchora kila anachosema. Alichora kichwa cha mtu kwa ubavu, akaweka doa pale ulimi unapokutana na koo, na doa jingine dogo shingoni. Akasema saratani haijasambaa mbali, na inatibika. Mionzi mara thelathini na tatu, Jumatatu hadi Ijumaa.

Shangazi aliitikia kwa kichwa kila neno. Hakupepesa macho hadi daktari alipochora viduara viwili karibu na masikio na vingine chini ya taya.

"Hizi ni tezi za mate," alisema. "Ziko njiani."

"Njiani kwenda wapi?"

"Mionzi ikilenga uvimbe, inazipitia na zenyewe. Ngoja nikueleze. Ndani ya kila seli kuna maji, na kuna uzi unaobeba maelekezo yote ya kuishi kwake. Mionzi ikipita inayavunja yale maji, na vipande vinavyobaki vina njaa kali. Vinang'ata chochote kilicho jirani. Vikiukata ule uzi, seli inakufa. Kwenye uvimbe, hicho ndicho tunachokitaka. Kwenye tezi za mate hatukitaki, lakini ndivyo inavyotokea."

"Zikifa?"

"Mdomo unakauka. Mara nyingi moja kwa moja. Chakula kinakuwa kama karatasi, meno yanaharibika, ladha zinapotea."

Nikamwona shangazi akimeza. Alimeza tena. Baadaye aliniambia kwamba pale pale kwenye kiti mate yalikuwa yamemkauka kwa hofu, akadhani yameshaanza kumkimbia.

"Daktari," alisema, "mimi naonja chai. Sina kazi nyingine. Sina kitu kingine ninachokijua."

Daktari akageuza karatasi upande wa pili. Akasema ipo dawa ya kinga. Zamani ilitafutwa na maabara za wanajeshi waliohofia mabomu ya nyuklia, na siku hizi baadhi ya hospitali zinaitumia kwa wagonjwa kama yeye. Inachomwa kwenye mshipa muda mfupi kabla ya mionzi. Inaingia kwenye seli nzima na kujitoa yenyewe, ili vile vipande vyenye njaa viing'ate dawa badala ya uzi.

Ningekuwa mimi ningeruka kwa furaha. Shangazi aliinamisha kichwa kama anavyofanya akisikia harufu asiyoiamini.

"Na seli mbaya je? Ikiwakinga wazuri, itajuaje kwamba huyu ni adui?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Hilo ndilo swali lenyewe. Dawa inaingia mwilini ikiwa imefungwa, haifanyi lolote. Seli nzima zina kimeng'enya kwenye kuta zao kinachoifungua. Uvimbe una mishipa mibovu ya damu, ndani yake kuna uchachu, na kimeng'enya hicho ni haba. Kwa hiyo dawa nyingi inaupita bila kufunguka. Vipimo vinaonyesha hivyo. Lakini nikikuapia kwamba hakuna hata seli moja mbaya itakayopata kinga, nitakuwa nakudanganya. Wapo madaktari wenzangu wasioitumia kwa hofu hiyo hiyo. Nakupa siku nne ufikirie."

Siku hizo nne nyumba ilikuwa kama yenye msiba. Shangazi alikaa jikoni na ule mchoro mbele yake. Mara aliukunja, mara aliukunjua. Nilipomuuliza kitu alijibu jingine. Hofu yake ilikuwa na pande mbili, na kila alipogeukia upande mmoja wa pili ulimchoma mgongoni: akiikataa dawa, atapona na kuishi na mdomo wa vumbi, akiikubali, huenda anaulisha na kuulinda uvimbe unaotaka kumuua.

Siku ya tatu Karani akaja kumwona. Alikaa kwenye kochi amefumbata kofia mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na mzaha wowote.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" shangazi akamuuliza.

"Sijui, Mama Ulimi. Mimi nataka urudi tu. Ukirudi huna ulimi, utanipa mengine ya kuandika." Akainuka haraka, akaaga, na nikamsikia nje akipenga kamasi muda mrefu kabla ya kuondoka.

Asubuhi yake shangazi aliniambia atachomwa dawa. "Kama nitaishi, niishi nikimeza," alisema. Alitia saini karatasi tatu mbele ya daktari, na saini ya tatu haikufanana na ya kwanza.

Kwanza walimtengenezea kinyago. Ni wavu wa plastiki uliolainishwa kwa maji ya moto, wakamlaza na kumfunika nao usoni hadi mabegani, ukapoa na kukauka katika sura yake. Kinyago hicho kingemshika kichwa kisisogee hata kidogo, maana kinafungwa kwa vibanio kwenye meza ya mashine. Nilipokiona rafuni, sura ya shangazi bila macho imepangwa pamoja na sura za watu wengine, nywele zilinisimama.

Tangu siku ya kwanza utaratibu ulikuwa mmoja. Alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu, akatundikiwa dripu, akapewa dawa ya kuzuia kutapika. Muuguzi, mwanamume mwenye kipara anayeongea kwa kunong'ona, alimfunga kipimo cha presha mkononi kikawa kinabana na kulegea kila baada ya dakika chache. Kisha ikaja sindano, dakika tatu nzima. Uso ukamwaka moto, akapiga chafya mfululizo, tumbo likamchafuka. Na hapo saa ya ukutani ikaanza kuhesabu. Dawa hiyo ina nguvu kwa muda mfupi.

"Nusu saa," muuguzi aliniambia. "Tukichelewa, tumemchoma bure."

Nilizoea kuitazama ile saa kuliko nilivyomtazama shangazi. Walimsukuma kwenye korido, mlango mzito kama wa hazina ukafunguka, wakamfunga kinyago, wote wakatoka mbio, mlango ukafungwa, na yeye akabaki peke yake. Kwenye kiruninga kidogo nilimwona miguu tu. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama vya mtu aliyekanyaga barafu.

"Mle ndani hakuna kinachouma," aliniambia. "Ndiyo maana naogopa. Mtu akikupiga unajua amepiga wapi."

Siku ya kumi na moja sindano ilikuwa imeshaingia, na kitanda chake kimefikishwa mlangoni, mashine ikagoma. Hapakuwa na kishindo wala moshi. Fundi wa mionzi, mwanamke mrefu tuliyezoea kumwona akitabasamu, alitoka akasema, "Subirini kidogo," kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa.

Dakika ya kumi na nane. Ya ishirini na tano. Nyuma ya kioo niliona watu wawili wameinamia meza ya vitufe, mmoja anaongea na simu. Ya thelathini ikapita. Shangazi alikuwa ametega sikio kila hatua ya mtu koridoni.

"Saa ngapi?" akaniuliza.

"Bado muda upo," nikadanganya.

"Saa iko juu ya kichwa chako, mwanangu. Naiona."

Dakika ya arobaini muuguzi alikuja, akatazama saa, akanitazama mimi. "Kinga inamwisha," akanong'ona.

"Si umchome nyingine?"

"Presha yake imeshuka hadi tisini. Siwezi."

Mashine ilirudi dakika ya hamsini na tano. Daktari alikuja amevaa koti mkono mmoja, akasimama kando ya kitanda. "Mama, mashine iko sawa, imepimwa. Una njia mbili. Tuahirishe leo, au uingie bila kinga. Mimi ningekushauri uingie. Uvimbe haupumziki, na kila siku tunayoruka tunaupa nafasi. Mionzi ndiyo ya kukuokoa. Dawa ni ya kulinda kile utakachobaki nacho."

Shangazi alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. "Naogopa," alisema. Alinilea miaka thelathini, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, hata siku tulipomzika mumewe. Kisha akaniachia na kumwambia muuguzi, "Niingizeni."

Baadaye alinisimulia kwamba chini ya kinyago alijaribu kuhesabu vikombe, vile vyeupe vya kazini, ili akili isiende. Alifika cha saba. Kutoka hapo aliona vile vipande vyenye njaa vikimtafuna taratibu chini ya masikio, na hakukuwa na kitu cha kuvitupia. Mikono alikuwa nayo huru, na walimwambia mwanzoni kwamba akiinua mkono watasimamisha. Aliulalia mkono wake.

Wiki ya tatu mdomo ulianza vidonda. Wiki ya nne alikuwa akiongea kwa kuandika, na chakula chake kilikuwa maziwa na supu ya kusagwa. Lakini mate yalikuwepo. Mazito, ya kuvutika kama gundi, ila yalikuwepo, na kila asubuhi alitema kwenye bakuli nyeupe akayatazama kama alivyotazama chai, akiigeuzageuza bakuli kwenye mwanga.

Siku ya ishirini na mbili nusura nimpoteze. Sindano ilikuwa haijafika hata nusu, muuguzi akaichomoa ghafla. Shangazi alikuwa amegeuka rangi, midomo ya kijivu, macho yamepanda juu. Nikamwita, hakuitika. Kipimo kilionyesha sabini kwa arobaini. Muuguzi akazungusha mpini miguu ya kitanda ikapanda juu, akafungua dripu ikamiminika, akapaza sauti, yeye asiyejua kupaza sauti, akiita daktari. Nilirudi nyuma hadi ukutani. Nilichokuwa nakifikiria ni kwamba nitamwambia nini Karani. Sijui kwa nini Karani. Pengine kwa sababu mengine yalikuwa makubwa mno kuyafikiria.

Baada ya dakika kumi alifungua macho. Daktari alimwinamia. "Umekula nini leo? Umemeza dawa gani?"

Shangazi akafumba macho tena, na safari hii ilikuwa aibu. Akaashiria kalamu. Akaandika: *Kidonge cha presha.*

Tangu mwanzo tulikuwa tumeambiwa aache vidonge vyake vya presha wakati wote wa tiba, maana sindano yenyewe inaishusha, na kwamba wao watakuwa wakimpima kila siku. Lakini bibi yangu, mama yake, aliondoka kwa kiharusi mbele ya macho yake. Asubuhi hiyo alijipima nyumbani akakuta presha imepanda kidogo, hofu ya zamani ikamrudia, akameza kidonge kwa siri wakati mimi napiga pasi.

Daktari hakumgombeza. Alivuta kiti akakaa. "Nikuachishe sindano, tumalizie mionzi peke yake?"

Shangazi akaandika kwa herufi kubwa: *HAPANA. Sitarudia.* Halafu chini yake kwa herufi ndogo: *Nisamehe.*

Jioni hiyo, presha iliporudi, walimchoma upya nusu ya sindano, akaingia kwenye mionzi kwa nusu ya kinga. Kuanzia kesho yake vidonge vyake vilikaa kwenye droo yangu ya nyuzi, na ufunguo nikauvaa shingoni. Siku kumi na moja zilizobaki alizimaliza zote, sindano na mionzi.

Kisha tukaambiwa tusubiri miezi mitatu kabla ya kipimo. Watu walidhani tumetua mzigo. Kumbe wakati wa tiba walau kulikuwa na mahali pa kwenda kila siku. Sasa alikaa tu, akijigusa shingo. Lile swali alilomuuliza daktari siku ya kwanza likamrudia: je, kama kuna moja iliyojificha nyuma ya ile dawa? Nilimkuta zaidi ya mara moja amesimama mbele ya kioo cha wateja, amefungua mdomo wote, anamulika tochi kooni.

Siku ya majibu daktari alichelewa. Tulikaa kwenye benchi, na kila mlango ulipofunguka tuligeuka wote wawili. Tulipoingia, nilimtazama daktari mikononi nione kama ameshika kalamu. Hakuwa ameishika.

"Uvimbe hauonekani," alisema.

"Hauonekani, au haupo?" shangazi akauliza. Sauti yake ilikuwa imerudi, ya kukwaruza.

"Hauonekani. Hilo la 'haupo' nitalisema ukitimiza miaka mitano."

Wakampa kichupa chenye mistari, ateme kwa dakika tano wapime. "Kutema ndiyo kazi yangu," alisema, na huo ukawa mzaha wake wa kwanza baada ya nusu mwaka. Yalipatikana mate zaidi ya nusu ya yale ya kabla ya tiba. Tezi za kushoto karibu zote zimekufa, za kulia zipo hai. Aliuliza kama ni dawa iliyomfanyia hivyo. Daktari akasema pengine ni dawa, pengine ni namna mionzi ilivyoelekezwa, pengine ni mwili wake tu. Kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kujua. Shangazi alilipenda jibu hilo. Alisema ni la mtu anayeonja kwa haki.

Alirudi ghalani mwezi wa sita, nami nikamsindikiza. Karani alimpangia vikombe kumi, si zaidi, vya chai iliyokwisha kuwekwa daraja, akafunika majibu kwa mkono. Shangazi akavuta cha kwanza, akaizungusha chai mdomoni upande wa kulia, akatema. Karani alikuwa ameshika kalamu hewani, na nilimwona akiuma mdomo.

"Maji ya birika yalichemka mara mbili," shangazi akasema. "Nani kachemsha?"

Alipatia vinane kati ya kumi. Viwili alivyokosa vilikuwa vya chai laini sana, zile ambazo zamani angezitambua kwa harufu ya mvuke. Alikaa chini, akaomba avionje tena, akakosa tena. Hakulia. Alimwambia Karani aandike kwamba chai za daraja lile apelekewe mtu mwingine.

Sasa anaonja vikombe arobaini kwa siku, na chupa ya maji haimtoki mkononi. Mkate mkavu haushuki. Usiku huamka mara tatu kunywa, asubuhi midomo imenatana. Na kila baada ya miezi mitatu tunarudi kwenye lile benchi. Wiki moja kabla yake huwa haongei na mtu, hanung'uniki, hatanii, anafua nguo zilizo safi. Nimejifunza kutomuuliza. Zamu ijayo ni Alhamisi, na leo asubuhi nimemkuta uani anaanua mashuka ambayo jana aliyafua mara mbili.